Nukta ya Tsukamoto

Chizuru alitoka chumba cha kusikilizia akicheka peke yake, na Eufrasia Ntandu, aliyekuwa mapokezi akihangaika na taarifa za mteja mpya, akajikuta naye anacheka kabla hajajua wanachekea nini.

"Mama amenigombeza," Chizuru alisema huku akivaa viatu. "Ati nimekonda. Nikamwambia, mama, utanionaje na macho huna? Akasema sauti ya mtu mwenye njaa inajulikana."

"Na kweli umekonda, mama. Kwani kwa Mama Sipora huli?"

"Ninakula! Tatizo ni kuku wenu, Efura. Wanakimbia sana. Wana misuli kama wanajeshi."

Chizuru alikuwa mama wa makamo kutoka Japani, mfupi, mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe na mkasi wa jikoni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila r na l zilikuwa zinabadilishana viti, jambo ambalo katika nchi hii halijawahi kumnyima mtu rafiki. Alikuwa amepanga chumba kwa Mama Sipora, karibu na Ziwa Singidani, na kila alasiri alipanda kuja Ghala la Mwamba kuzungumza na mama yake aliyekufa.

Ghala hilo lilichimbwa chini ya majabali ya Singida kwa sababu moja tu: hapa ardhi haitikisiki hovyo. Wajapani walikuwa wamepoteza maghala yao kwa matetemeko, na ndani yake wakapotea watu ambao tayari walikuwa wamekufa. Kufiwa na mtu yuleyule mara mbili kuliwauma kuliko kupoteza majengo. Marehemu aliyeacha rekodi za kutosha, simu zake, jumbe zake, manung'uniko yake ya jikoni, aliweza kutengenezewa sauti. Sauti ilijibu. Ilikumbuka ulichoiambia jana. Haikuwa mtu, na sheria ilisema hivyo kwa maandishi makubwa juu ya mlango, ingawa sijaona mtu aliyevua viatu pale akainua kichwa kuyasoma. Sheria ilisema pia kwamba sauti haitoki nje ya mwamba, tangu matapeli walipojifunza kupiga simu kwa midomo ya marehemu. Mwenye mtu wake alilazimika kuja mwenyewe.

"Lakini leo umeniangusha," Eufrasia alisema, akigeukia skrini. "Kumbe una kaka na hukuniambia. Anaingia keshokutwa."

"Kaka?"

"Bwana Tsukamoto Kenzo. Ameomba kumsikiliza mama yake, Tsukamoto Haru. Mtambo umenipa mama yako wewe."

Chizuru alicheka tena. "Sina kaka. Mama alinizaa mimi, akasema mmoja wa aina hii anatosha. Atakuwa Haru mwingine. Huko kwetu akina Tsukamoto Haru ni wengi." Akafunga kitambaa chake kichwani, kwa sababu ya upepo wa nje, akaaga na kwenda zake.

Eufrasia akatafuta Haru mwingine. Hakuwepo. Akatafuta tena kwa mwaka wa kuzaliwa, kisha kwa mkoa, na kila mara mtambo ukamletea yuleyule, mama wa Chizuru, ukimya wa skrini ukisema hapa tunaye mmoja tu. Ndipo alipofungua nakala ghafi, yaani maandishi kama yalivyotumwa kutoka Japani kabla ghala halijayagusa. Walikuwa wawili. Majina yao yalifanana kama mapacha, ila herufi ya kwanza ya yule wa Kenzo ilikuwa nambari 585A, na ya yule wa Chizuru FA10.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na nitajitahidi nisichoshe. Kompyuta haijui herufi. Inajua nambari, na kila herufi ya dunia hii imepewa yake, kuanzia a yetu hadi maelfu ya michoro ya Wajapani. Jina Tsukamoto linaanza na herufi yenye maana ya tuta, lile la udongo linaloinuliwa juu ya kaburi. Zamani iliandikwa na nukta moja ya ziada, imebanwa katikati ya mistari kama mdudu aliyenaswa. Kisha wakubwa wao wakarahisisha maandishi na nukta ikaachwa, lakini zipo familia zilizokataa. Babu zao walizikwa na nukta, nao hawaitoi. Waliogawa nambari wakaipa herufi isiyo na nukta 585A. Yenye nukta wakaipa FA10, huko pembeni, kwenye kitongoji walichotenga ili maandishi ya zamani yaweze kuingia na kutoka bila kupoteza kitu.

Wangeishia hapo, mambo yangekuwa salama. Lakini waliandika kanuni nyingine inayosema kwamba FA10 kimsingi ni 585A. Ukiyasawazisha maandishi, yaani ukiyapiga pasi ili kila jina liwe na umbo moja la kutafutika, FA10 inageuka kimya kimya kuwa 585A, na ikishageuka hairudi, kwa kuwa 585A haikumbuki kwamba iliwahi kuwa kitu kingine. Dawa yake ipo na ni rahisi. Kabla ya kupiga pasi unaiandika 585A na nyuma yake unatia alama isiyoonekana, inayoiambia skrini kwamba hii ichorwe na nukta. Alama hiyo pasi haiichomi. Eufrasia alijua dawa hiyo. Alifundishwa. Siku mzigo wa rekodi za mkoa wa akina Haru ulipoingia alikuwa na haraka, akasema nukta tu hii, akapiga pasi.

Hata hivyo pasi peke yake isingeunganisha watu. Mtambo ulipoona majina yamekuwa mamoja, mwaka mmoja na mkoa mmoja, ulisimama na kumuuliza binadamu: hawa ni mtu mmoja? Na binadamu aliyekuwa zamu alikuwa Eufrasia.

Yeye alizaliwa Eufrasia. Cheti cha kuzaliwa kikamwandika Efrazia, shule ya msingi ikamwita Yufrasia, chuo kikamtoa na s mbili. Kila alipotaka jambo, kazi au pasipoti, alipanda kwa wakili kula kiapo cha majina, kwamba hao wote waliotajwa hapo juu ni mtu mmoja na mtu huyo ni mimi. Ni nani nchi hii hajala kiapo hicho? Kwa hiyo alipoona Tsukamoto yenye nukta na Tsukamoto isiyo na nukta, hakuona wanawake wawili. Aliona mwanamke mwenzake aliyesumbuliwa na makarani. "Masikini, na wewe wamekuharibia jina," alisema kwa sauti, akabonyeza Ndiyo, akajisikia vizuri mchana kutwa.

Sasa uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Alitazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa mbele za watu, ingawa ukumbi ulikuwa mtupu.

Lilibaki swali moja, na aliliogopa kuliko yote. Mtambo, ukiombwa, huonyesha kila jibu la sauti limetoka kwenye rekodi za nani. Chizuru alikuwa amewahi kumsimulia jibu lililomfanya abaki Singida. Aliondoka kwa mama yake kwa ugomvi akiwa msichana, akaacha kupokea simu zake, na mama akafa peke yake. Alipofika hapa alikaa siku nyingi akiongea habari za hali ya hewa kabla hajathubutu kuuliza kama amesamehewa. Sauti ikamwambia, kila jioni niliweka bakuli lako mezani, sikukasirika, nilikuwa nasubiri tu. Siku hiyo Chizuru alitoka akamlilia Eufrasia begani, akalowesha sare yake, na tiketi yake ya kurudi akaiacha ipite.

Eufrasia akauliza jibu hilo ni la nani. Lilikuwa la Haru asiye na nukta, mama wa Kenzo.

*

"Nani anajua?" Bwana Kidanka aliuliza.

Alikuwa msimamizi wa ghala, mtu mkubwa wa mwili na mlaini wa moyo, anayetafuna mbegu za alizeti kutwa nzima na kutema maganda kwenye kikombe.

"Mimi na wewe, bosi."

"Basi bado halijatokea."

"Bosi."

"Nisikilize kwanza." Akaweka kikombe chini. "Yule mama alikuja hapa hana usingizi. Unamkumbuka? Alikuwa anatembea anagusa kuta. Sasa hivi anapika, anacheka, juzi nimemkuta sokoni anagombania bei ya nyanya mpaka muuzaji kasalimu amri. Utamwendea umwambie nini? Samahani mama, aliyekusamehe ni mama wa watu?"

"Na Bwana Kenzo?"

"Mpe huyohuyo. Nusu yake si ni mama yake? Atapata alichofuata, na nyongeza juu."

"Akiitwa Chizuru?"

"Wazee huchanganya majina."

"Huyu hachanganyi, bosi. Tumemchanganya sisi."

"Sisi?" Kidanka alisema, bila ukali.

Eufrasia akainamisha uso. "Mimi."

Kidanka akachukua mbegu, akaigeuzageuza, akairudisha mfukoni. "Watenganishe, kama hutapata amani," alisema hatimaye. "Kazi hiyo ni yako na uwezo unao. Lakini kumwambia, hilo utalibeba mwenyewe. Mimi kumuona yule mama analia tena siwezi. Siku hiyo nitakuwa na kikao."

Eufrasia alitoka ofisini akiwa amekwishaamua, au alidhani hivyo. Alijiambia kwamba atawatenganisha asubuhi na mapema, na Chizuru akifika atamkalisha kwenye benchi na kumwambia kabla hajavua viatu. Aliyapanga maneno vizuri. Njia nzima ya kwenda nyumbani aliyasema peke yake, na kila alipofika kwenye neno "nilibonyeza" sauti ilimpotea.

*

Kuwatenganisha hakukuwa kugumu. Alirudi kwenye nakala ghafi, akamtia mama wa Chizuru ile alama isiyoonekana, akairudisha kila rekodi kwa mwenyewe. Mwishoni mtambo ukauliza jambo ambalo hakulitarajia: mazungumzo yaliyofanyika ndani ya mwamba tangu Chizuru aje, vicheko, kugombezana na hadithi zote zile, yawe ya Haru yupi, au yafutwe? Eufrasia akakagua vyanzo vya majibu, akakuta yote yametoka kwa asiye na nukta, akaona kwamba maneno ni ya aliyeyasema. Akayapeleka kwa mama wa Kenzo. Mama wa Chizuru akabaki kama alivyofika kutoka Japani, hajazungumza na mtu tangu afe.

Chizuru alifika mapema kuliko kawaida, amekumbatia jogoo.

"Ni wako," alisema, uso umejaa furaha. "Mama Sipora ameniambia kwamba huku mtu akikufanyia jambo kubwa humpi maua. Unampa kuku. Wewe umenitunzia mama yangu, Efura. Mchukue, ananidonoa."

Walinzi wa getini walikuwa wanapiga makofi. Eufrasia akampokea jogoo kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, hata asante hakusema. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Benchi lilikuwa pale. Chizuru alikuwa amesimama mbele yake, bado na viatu.

"Mama, leo…"

"Leo nini?"

"Leo kuna upepo."

"Hapa kila siku kuna upepo," Chizuru alisema, akavua viatu, akaingia.

Mwenzangu msomaji, usimcheke. Wapo watu hodari wanaoweza kumwambia mtu maneno mazito huku wameshika jogoo wake. Eufrasia hakuwa mmoja wao. Alimfunga yule jogoo kamba chini ya meza ya mapokezi, akakaa, akafumba macho asiuone mlango wa chumba cha kusikilizia, akiomba umeme wa mwamba mzima ukatike.

Mlango ulifunguliwa upesi mno. Chizuru alitoka, akakaa chini sakafuni badala ya benchi, akaanza kuvaa kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto.

"Ni haki yake," alisema.

"Mama?"

"Jana nilimwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote, jana nikamwambia. Simu yake ya mwisho. Sikuwa mbali nayo, Efura, sikuwa bafuni. Niliiona inaita, nikaigeuza kifudifudi mezani, nikaendelea kula. Nilimwambia hivyohivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimekonda. Nikafikiri yameisha. Kumbe aliliweka moyoni." Alivua kiatu, akakiangalia, akakivaa tena kwenye mguu uleule. "Leo nimesema, mama, ni mimi, Chizuru. Kimya. Nikasema tena. Akasema, 'Kumbe simu unayo.' Basi. Sikupata neno jingine."

Eufrasia alisimama. Aliona wazi kabisa jambo alilolitenda, na lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Akinyamaza sasa, mama huyu atarudi kwa Mama Sipora akiamini kwamba alisamehewa, kisha kwa kusema ukweli akanyang'anywa. Ataishi na hilo mpaka aingie mwenyewe kwenye mwamba. Na akisema, atamwambia kwamba hakuwahi kusamehewa hata siku moja. Njia zote mbili zilimuumiza mwanamke huyu, lakini moja ilimbebesha mzigo wa Eufrasia.

Akapiga magoti pale sakafuni, ana kwa ana naye.

"Hukukosea jana, mama. Nimekosea mimi. Yule uliyemwambia jana si mama yako."

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, akaanzia kwenye pasi, akarudi kwenye nukta, akaingiza na kiapo cha majina, ambacho Chizuru hakukielewa na hakuhitaji kukielewa. Chini ya meza jogoo akawika katikati ya maneno, akawika tena, na hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye neno "nilibonyeza" alilisema. Sauti ilipotea, akalisema tena.

"Kwa sababu ya nukta," Chizuru alisema.

"Kwa sababu ya nukta. Na kwa sababu sikuuliza."

Chizuru aliweka mikono mapajani. "Nukta hiyo mama alikuwa anaitia kwa kalamu," alisema. "Kila karatasi waliyomletea, benki, hospitali, kama imekosa nukta aliitia mwenyewe, kwa nguvu, mpaka karatasi inatoboka. Nilikuwa naona haya kusimama naye kwenye foleni. Nilipoondoka nyumbani niliacha kuiandika. Hata maombi ya kuja hapa niliandika bila nukta. Kwenye simu ile isiyo na nukta ndiyo inakuja kwanza, ile nyingine lazima uitafute." Akapandisha pumzi. "Sikuitafuta."

"Mama, usijitwike hili."

"Yule wa bakuli. Ana mtoto?"

"Ana mwanawe wa kiume. Aliondoka, hakurudi. Bakuli lilikuwa lake. Anafika kesho."

Chizuru akaziba mdomo kwa kiganja. Eufrasia alimngoja alie, na angefurahi kama angelia, au kama angempiga kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Siku ile ya bakuli nilishangaa," alisema kupitia vidole. "Mama yangu hana maneno laini kiasi kile. Nilijua hana. Nikajiambia kifo kimemlainisha. Mtu akikupa kitu ulichokililia miaka yote, Efura, humuulizi amekitoa wapi."

"Naomba unisamehe."

"Kwa hiyo yeye mwenyewe hajanisamehe."

"Hajawahi kuulizwa, mama. Maswali yako yote alijibu mwingine. Leo ndiyo mara ya kwanza amesikia sauti yako."

Chizuru akavua kile kiatu, akaviweka vyote viwili sawa ukutani, akarudi ndani. Safari hii alikaa mpaka ghala lilipokaribia kufungwa. Alipotoka, macho yalikuwa yamemvimba.

"Amesema nini?" Eufrasia aliuliza, na papo hapo akajiona hana haki ya kuuliza.

"Hakusema. Mimi ndiye nilisema." Akafunga kitambaa chake. "Kesho nitakuja asubuhi. Nataka kumwomba radhi yule bwana."

"Wa kumwomba ni mimi."

"Wewe utamwomba la kwako," Chizuru alisema, akashuka kilima.

*

Bwana Kenzo alikuwa mrefu, amevaa suti iliyokunjika kwa safari, na alikuwa na tabia ya kugusa tai yake kila alipotaka kusema. Eufrasia alimpeleka kando ya ukumbi, mbali na benchi alilokaa Chizuru, akamweleza kwa Kijapani chake cha ofisini. Kwamba kwa kosa lake yeye, sauti ya mama yake iliunganishwa na ya mwanamke mwingine. Kwamba kwa miezi mingi mtoto wa mwanamke huyo alizungumza na mama yake Kenzo, bila kujua, na kwamba mazungumzo hayo hayakufutwa. Jana wametenganishwa. Ana haki ya kushtaki, na Eufrasia atamwonyesha pa kushtakia.

Kenzo alisikiliza hadi mwisho huku akiitazama sakafu. Chizuru, kule kwenye benchi, alikuwa amesimama na kuinama, kichwa karibu kifike magotini, naye Kenzo hakuwa amemwona bado.

"Mimi sijaongea na mama yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Kama kuna mtu aliongea naye…" Akagusa tai. Sentensi hakuimaliza. "Chumba kipo wapi?"

Eufrasia akamfungulia mlango. Kidanka, ambaye kikao chake kilikuwa kimeahirishwa kwa namna isiyoeleweka, alitokeza kichwa ofisini, akaona ukumbi ulivyo, akakirudisha.

Walingoja. Chizuru hakukaa tena. Eufrasia alijifanya anafuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi, na hakuweza kuinua macho kumtazama. Alikuwa anafikiria mwanamume aliyevuka dunia kuja kumwomba mama yake msamaha, na akaona kwamba angalau kwa huyu hapajaharibika kitu. Bakuli limerudi kwa mwenyewe. Maneno yote matamu ya yule mama sasa yatamwendea aliyekusudiwa.

Mlango ulifunguka. Kenzo alisimama kizingitini na soksi zake, uso umelowa, tai ameivuta imekwenda upande. Alitazama ukumbi kama mtu anayetafuta kitu alichoagizwa.

"Amenitambua," alisema. "Nimemwomba radhi. Akasema sawa, tutaongea, ila si sasa." Akameza mate. "Anasema kuna mtu jana hakuja. Anasema mtu huyo juzi alimwambia jambo zito, la simu, naye akashindwa kulijibu vizuri, akabaki anaongea habari za kukonda. Ana wasiwasi naye. Ameniuliza mara tatu. Chizuru ni nani hapa?"

"Ni mimi," Chizuru alisema, bado ameinama. Alianza kutamka maneno ya kuomba radhi, yale marefu ya kwao, ya heshima kubwa, aliyokuwa ameyaandaa. Kenzo hakumwacha ayamalize. Alisogea pembeni, akaushika mlango ukabaki wazi.

"Tafadhali ingia," alisema. "Usimkawize. Mimi nimeshamkawiza vya kutosha."

Chizuru akavua viatu, akapita mbele yake bila kuinua uso, mlango ukajifunga nyuma yake. Kenzo akakaa upande mmoja wa benchi, na baada ya muda Eufrasia akaja akakaa upande wa pili. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama mzee ikigombeza kwa upole, na wale wawili waliobaki nje hawakuangaliana.